Siku nane kandokando ya lami: Mbezi hadi Ilula na watoto wa shule

Jumatatu, 18 Agosti. Mbezi, Dar es Salaam

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mjukuu wangu alikuwa ameshavaa viatu. Ana miaka saba, yuko darasa la kwanza, na mkononi alishika ufagio wa chelewa kwa kuwa leo zamu ya kufagia uwanja ni yao. Nje kulikuwa bado giza. Mama yake akaniambia, "Baba, mshike mkono mpaka getini, usimwachie kabla."

Niliendesha lori barabara hii ya Morogoro miaka 22. Nilikuwa napakia bandarini, napita hapa Mbezi, nakwenda mpaka Tunduma, na mara nyingine navuka kuingia Zambia. Kona zote nazijua, mizani yote naijua, na nawajua akina mama wanaopika chai ya tangawizi usiku. Ila kabla ya leo sikuwahi kuivuka kwa miguu saa hii nikiwa na mtoto. Mwezi Julai nilipohamia kwa binti yangu ndipo nilipoanza kusikia watoto wa mtaani kwetu wakisimulia jinsi wanavyovuka, kila mmoja na ujanja wake. Nikaamua wiki hii nirudie njia yangu ya zamani, kila asubuhi nivuke na watoto wa mahali nilipolala, niandike ninachokiona.

Kuanzia Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, barabara imepanuliwa ikawa ya njia nane. Kwa dereva ni raha tupu. Kwa mwenye miguu mifupi hesabu ni nyingine. Njia nne za upande mmoja ni kama mita 14. Mjukuu wangu, kwa hatua zake na begi lake, anakwenda mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 14. Gari linalokimbia kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ndani ya sekunde zile 14 litakuwa limekwenda mita 300. Maana yake mtoto wa miaka saba anatakiwa aone taa zilizo mita 300 mbele, gizani, apime kama zinakuja taratibu au zinakuja mbio, kisha aamue. Mimi mwenye leseni ya miaka yote hiyo nilishindwa kupima mara mbili asubuhi hii.

Shuleni wamemfundisha vizuri. Alisimama ukingoni akaimba: "Angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena." Daladala moja ikasimama kutupisha, dereva akatupungia mkono. Tukaanza. Pembeni ya ile daladala, mahali ambapo mtoto hawezi kuona kwa kuwa bodi imemziba, ikachomoka bodaboda haijapunguza hata kidogo. Nilimvuta kwa kola ya shati. Ufagio ukaanguka, bodaboda ikaupitia juu.

Mtoto hakukosea kitu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akasubiri gari lisimame. Nataka hilo liandikwe mwanzo kabisa wa daftari hili, kwa sababu kila mtoto anapogongwa, swali la kwanza tunalouliza ni kama aliangalia.

Mchana nikapanda basi la Mlandizi.

Jumanne, 19 Agosti. Mlandizi

Nililala kwa mtoto wa dada yangu. Asubuhi tulitoka na watoto kumi na mmoja wa kitongoji chao, mkubwa yuko darasa la sita, mdogo yuko awali. Wanatembea mkufu mmoja kandokando ya lami, mabegi mgongoni, wawili wamebeba madumu ya maji. Njia ya miguu haipo. Kuna ukingo wa mchanga kati ya lami na mtaro, na penye maduka hata huo ukingo umejaa meza za matunda na pikipiki za abiria. Wakifika hapo watoto wanashuka kwenye lami yenyewe, magari yakiwa mgongoni kwao.

Niliwaomba tuhamie upande wa kulia ili tukabiliane na magari yanayokuja. Wakubwa walielewa haraka. Lakini upande ule una shimo refu la mtaro lisilo na kifuniko, na yule wa awali akakataa kabisa, akalia. Tukarudi.

Kivuko cha pundamilia kipo. Rangi yake inaonekana ukiinama. Kipo mbele ya stendi, wakati uchochoro wanaoutumia watoto unatokea mbali kabla ya hapo. Hakuna mtoto atakayetembea mpaka stendi kisha arudi nyuma umbali uleule kwa ajili ya mistari, na hata mtu mzima hatafanya hivyo. Nikajiandikia: anayechora kivuko aje kwanza asubuhi aone nyayo za watoto zimechimba wapi.

Mwenyekiti wao alinikaribisha chai akanieleza jambo lililonisaidia wiki nzima. Barabara kuu hii iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Ule uchochoro wa changarawe unaotoka vijijini uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Mtoto mmoja katika safari moja ya shule anatumia barabara za wakala wawili, na mahali zinapokutana ndipo hatari ilipo. Ukiandika barua ya kuomba tuta ukaipeleka kusikohusika, inakaa mezani. "Mzee," aliniambia, "kabla hujaomba, uliza lami hii ni ya nani."

Jumatano, 20 Agosti. Chalinze, halafu Mikumi

Chalinze sina mengi. Ni njia panda ya kwenda Tanga na Arusha, na malori yanalala hapo kwa makumi. Mimi mwenyewe nimelala pale usiku usiohesabika, nikiegesha pembeni ya barabara bila kuwaza lolote. Leo nilisimama nyuma ya lori lililoegeshwa, nikachuchumaa nikawa na kimo cha mtoto wa darasa la pili. Barabara sikuiona. Ili mtoto aone gari linalokuja, inabidi kwanza kichwa chake kitokeze kwenye lami. Nilibaki nimechuchumaa pale kwa muda, nikikumbuka sehemu zote nilizowahi kuegesha.

Na kwa dereva aliye juu ni vilevile. Lori la kichwa bapa lina eneo mbele ya kioo ambalo hulioni kabisa. Mtoto akipita karibu na bampa wakati umesimama kwenye foleni, kwako hayupo. Ndiyo maana tulifundishwa kutoanza kuondoka mpaka utingo aangalie. Siku hizi malori mengi hayana utingo.

Basi la kwenda Mikumi liliondoka saa nne. Baada ya Morogoro na Doma tukaingia Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza ndani ya mbuga kwa takriban kilomita 50. Nilikaa siti ya mbele makusudi nimwangalie dereva. Alipofika kwenye kibao cha mwanzo wa hifadhi alishusha gia, mwendo ukapungua. Kuna matuta, kuna vibao vyenye picha za wanyama, na kuna orodha ya faini: kila mnyama ukimgonga ana bei yake, tembo ya kwake, twiga ya kwake, swala ya kwake. Kila dereva wa njia hii anaijua ile orodha. Tulipita swala wakila ukingoni kabisa mwa lami, hawakuinua hata shingo.

Nilifurahi kuwaona wamekaa hivyo. Mimi ni mtu wa kupenda wanyama na sitaki hata tuta moja liondolewe pale. Ila nilijiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza nikiwa nyuma ya usukani. Nilipunguza mwendo Mikumi miaka 22 kwa sababu gani? Kwa sababu tuta lingenivunjia springi na faini ingenimaliza. Nilipunguza Vigwaza kwa sababu ya mzani. Nilipunguza kila nilipowashiwa taa na dereva wa mbele kuwa kuna trafiki ana tochi ya kupimia mwendo, kwa sababu ya faini ya elfu 30. Kibao cha pembetatu chenye picha ya watoto wawili wameshikana mikono nilikiona mara maelfu, na nguvu ya mguu wangu kwenye pedeli ya mafuta haikubadilika.

Niliandika hayo kwenye basi mkono ukitetemeka, na si kwa sababu ya barabara.

Alhamisi, 21 Agosti. Mikumi mjini

Mji huu unaanza pale mbuga inapoishia. Dereva aliyebanwa kilomita 50 anapoona ametoka hifadhini, anafungulia. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, nikiwa na haraka ya kufika mlima Kitonga kabla ya jua kali. Na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati malori yaliyolala upande wa Morogoro yanaibuka hapa, ndio wakati watoto wanavuka kwenda shule.

Nilivuka na kundi la wasichana wa darasa la nne. "Shikamoo babu." "Marahaba, hamjambo wajukuu." Mmoja akaniuliza kwa nini naandika. Nikamwambia nataka kujua wanavukaje. Akanieleza kama mwalimu: "Basi likiwa hivi," akaonyesha kwa mikono, "unakimbia. Likiwa hivi unasubiri. Likiwa limepanda juu ya jingine ndiyo baya." Alimaanisha ovateki. Mtoto wa miaka kumi ametunga somo lake mwenyewe la magari yanayopishana, na amelitunga kwa kuona.

Nilikaa kwenye benchi la fundi baiskeli kwa saa moja, saa mkononi. Katika mji kama huu sheria inataka kilomita 50 kwa saa, basi, lori na gari dogo sawa. Nilipima kwa nguzo mbili za umeme, nikitumia hatua zangu na sekunde za saa, ile mbinu ya zamani. Si kipimo cha mahakamani. Lakini jicho la mtu aliyekaa kwenye usukani miaka 22 halihitaji tochi kujua gari linalokimbia 80.

Tofauti kati ya hiyo 80, ile 50 na 30 nieleze kwa lugha ya udereva. Ukiwa na lori, ukaona mtoto ametokeza, sekunde ya kwanza yote inapita kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa 80 umeshakwenda mita 22 hujafanya lolote, na kwa jumla utasimama baada ya mita 60 na zaidi. Kwa 50 utasimama kwenye mita 30 na kitu. Kwa 30, mita kama 15. Mtoto aliyejitokeza mita 20 mbele yako, kwa mwendo wa 30 utamfokea kutoka dirishani. Kwa 50 umemgonga. Kwa 80 umempiga hata breki hazijaanza kushika.

Ijumaa, 22 Agosti. Kijiji kilicho chini ya Kitonga

Sitakitaja kijiji, kwa sababu mwaka 2009 nusura niue mtoto hapa na nimekuja nikiwa na hilo moyoni.

Nilikuwa nashuka mlima Kitonga na tani 28 za shaba. Ukishuka Kitonga unatumia gia na injini, breki unaigusa tu, vinginevyo zinapata moto na zikipata moto hazishiki. Siku ile nilikuwa nimechoka, niligusa breki kuliko inavyotakiwa. Nilipofika tambarare harufu ilikuwa imejaa kabini. Msichana mwenye dumu la maji kichwani akaingia barabarani. Nilikanyaga, pedeli ikashuka bila kitu, nikashusha gia mbili kwa mpigo, nikalipeleka lori kwenye mchanga. Lilisimama likiwa limempita. Yeye alikuwa amekaa chini, maji yamemwagika, kandambili moja imebaki katikati ya lami. Hakuwa na jeraha. Nilimwokotea kandambili nikampa. Sikuweza kusema neno. Marehemu mke wangu sikumwambia mpaka alipofariki.

Leo asubuhi mahali palepale nilimkuta mama anayeuza vitumbua. Meza yake iko kwenye njia ya watoto. Kuanzia saa kumi na mbili na robo anaacha kikaango kwa binti yake, anachukua kanga nyekundu, anasimama ukingoni. Watoto wanajikusanya nyuma yake kama vifaranga. Wakifika ishirini hivi anaingia barabarani amenyoosha kanga kwa mikono miwili, na malori yanasimama. Yote. Nilihesabu makundi matano na hakuna dereva hata mmoja aliyempuuza.

"Hulipwi?" nilimuuliza.

"Anilipe nani, mzee? Hawa ndio wateja wangu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwaka juzi tulizika mmoja. Nilikuwa hapahapa, nageuza vitumbua."

Nikamuuliza siku akiugua nani anashika kanga. Hakujibu. Binti yake ndiye aliyejibu: "Siku hiyo wanakimbia."

Nilimwachia koti langu la kuakisi mwanga, lile la kazini, bado zima. Alilivaa juu ya gauni papo hapo. Nilinunua vitumbua vya elfu mbili nikakaa nae mpaka kengele ya shule ikalia ng'ambo.

Jumamosi na Jumapili, 23 na 24 Agosti. Ilula, kisha kurudi

Hakuna shule. Ilula asubuhi ni baridi na nyanya zimepangwa kwenye matenga mpaka ukingoni mwa barabara. "Kamwene!" wananisalimu, nami naitikia nilivyojifunza zamani. Nilikwenda kwa rafiki yangu wa siku za lori, yeye bado anaendesha, na tulibishana mpaka jioni.

Hoja yake ni ya haki na nimeahidi kuiandika. Anasema matuta yanawaumiza. Mengine yamejengwa kama ukuta, hayana rangi, hayana kibao cha kukutaarifu, unaliona likiwa chini ya tairi. Springi inakatika, na mwenye lori la nyuma yako anaweza kukuingia. Tena usiku, ukipunguza mwendo kwenye tuta lililo porini, vijana wanapanda juu ya mzigo wanakata turubai. Yote ni kweli, yamenikuta. Nikamuuliza: je, tuta likiwa mbele ya shule, limechorwa rangi, limetanguliwa na rasta, vile vituta vidogo vya kukutikisa, na kibao mita mia kabla, na upana wake unakubali tairi kupanda taratibu? Akafikiri. "Hilo sina ugomvi nalo," akasema. "Hata mimi nina watoto."

Basi la Jumapili lilipita kijiji kile mchana. Meza ya vitumbua ilikuwa imefunikwa kwa karatasi la nailoni.

Jumatatu, 25 Agosti. Mbezi

Nilimpeleka mjukuu, tukavuka salama, nikarudi nikaketi kuandika barua kwa serikali ya mtaa wetu. Nimeiandika mara nne.

Nimeanza na lililokwisha kufanyika hapahapa Dar es Salaam, ili asiwepo wa kusema tunaomba mambo ya Ulaya. Shirika la Amend lina mpango unaoitwa SARSAI ulioanzia mji huu: wanapima eneo la shule, wanaangalia watoto wanapita wapi na wanagongwa wapi, kisha wanaweka vitu vya kawaida, tuta, njia ya miguu, nguzo fupi za kuzuia pikipiki, kivuko, kibao, hata kuhamisha geti la shule lisifungukie barabara kubwa. Utafiti ulionyesha majeruhi walipungua kwa angalau asilimia 26, na mpango ulisambaa hadi nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2019 ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center mbele ya miradi ya mabara mengine. Wengi wa jirani zangu hawajui kwamba kitu hicho kimezaliwa kwetu.

Nikaongeza kwamba Februari 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi nyingi walikutana Stockholm wakakubaliana mwendo wa juu uwe kilomita 30 kwa saa mahali magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu. Na kwamba Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko barabara. Halafu nikafuta nusu ya maneno, kwa sababu mwenyekiti wetu ni mtu wa kazi nyingi, nikabakiza maombi matatu: kivuko chetu kihamishiwe pale uchochoro wa watoto wetu unapotokea, rasta na tuta lenye rangi pande zote mbili kabla yake, na mtu mzima mwenye koti na kibao cha "SIMAMA" asubuhi na mchana, ambaye mtaa utamchangia posho. La tatu nimejitolea mwenyewe kuanzia kesho mpaka apatikane mwingine.

Chini nimechora ramani ya uchochoro, kivuko na geti, kwa hatua zangu. Wazazi 34 wametia saini, wengine kwa dole gumba.

Ofisi ya serikali ya mtaa wameipokea saa nane mchana. Mtendaji aliisoma yote mbele yangu, akauliza ile ramani nani kachora, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akasema ataipeleka kata ili ifike kwa wenye barabara. Nirudi Jumatatu ya tarehe 8 Septemba.

Jioni nilipita dukani kununua koti jipya. La saizi yangu halikuwepo, nimechukua kubwa kidogo.